Nguzo ya Kumi

Moelagi Asuao alikuwa na kazi tatu, na kila mtu mjini Apia alikuwa na lake la kusema kuhusu hilo. Asubuhi alifundisha usanifu wa majengo chuoni. Mchana alikuwa kwenye ofisi yake ndogo juu ya duka la mikate, akichora nyumba za watu. Siku zilizobaki, pamoja na likizo ambazo wenzake walikwenda kuogelea, alizunguka mitaani na vijijini na utepe wa kupimia, akitaka kujua watu wanakaaje hasa pale wanapokaa. Mama yake alipenda kusema kwamba binti yake ameolewa mara tatu na hakuna hata mume mmoja anayeleta samaki nyumbani.

Mwenyewe hakuona kama ni kazi tatu. Alichokipima ndicho alichokifundisha, na alichokifundisha ndicho alichokijenga. Aliwaambia wanafunzi maneno hayo kila mwaka siku ya kwanza, kwa majivuno kidogo, na kila mwaka ushahidi wake ulikuwa uleule: mchoro wa jumba la zamani la baraza la Matauta. Aliuchora akiwa na miaka ishirini na sita. Miaka mitatu baadaye wimbi la tsunami lilipopiga pwani ya kusini, jumba likaenda na maji, likabaki jukwaa la mawe na kaa wanaopita juu yake. Mchoro ukawa ndio jumba. Ulichapishwa kwenye kitabu chake, ukabandikwa ukutani chuoni, na kamati iliyokuwa ikifikiria kumpa uprofesa mwezi ujao ilikuwa nao mezani.

Watu wa Matauta walihamia juu, mbali na bahari, wakaishi na baraza la mabati kwa miaka mingi. Walipopata uwezo wa kujenga jumba la heshima walimwendea yeye, wala hawakufikiria mtu mwingine. Akalichora upya kama lilivyokuwa, nguzo kwa nguzo, na sasa lilikuwa limesimama, limeezekwa, limefagiliwa. Ufunguzi ulikuwa Ijumaa. Nguruwe wa karamu walikuwa wameshachaguliwa.

Jumanne asubuhi Fetuao aligonga mlango wa ofisi. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa nne, mzaliwa wa Matauta, msichana ambaye kwa kawaida hakuishiwa maneno. Siku hiyo alisimama mlangoni kama mtu aliyekuja kutangaza msiba.

"Mwalimu, samahani. Una nafasi?"

"Kama ni ile kazi ya daraja, sikuongezei hata siku moja."

"Siyo kazi. Ni nyumbani. Wazee wamegombana."

"Wazee wa Matauta wasipogombana wanaugua, Fetuao. Njoo ukae."

"Safari hii wamegombea nguzo," alisema Fetuao, na Moelagi akaweka kalamu chini.

Kule kwao ugomvi wa nguzo si mchezo. Matai, yaani mwenye cheo cha ukoo, haketi popote anapopenda. Anayo nguzo yake katika jumba la baraza, anaegemeza mgongo pale, kama alivyoegemeza aliyekuwa na cheo hicho kabla yake. Ukitaka kujua nani ni nani kijijini, huna haja ya kuuliza, tazama migongo.

"Jana walitandika mikeka kujaribu vikao," alieleza Fetuao. "Kila mtu akaenda kwenye nguzo yake. Upande wa mbele, wa wasemaji, wakakaa watu tisa. Nguzo ziko kumi."

"Ziko kumi kwa sababu zilikuwa kumi."

"Ndivyo anavyosema mzee Penitala. Kaikalia ile ya kumi."

Moelagi aliwajua. Cheo cha Lautasi kilikuwa na wenyewe wawili, Iakopo na Penitala, wajukuu wa ndugu wawili waliogawana jina moja zamani. Jina waliligawana, lakini nguzo ilikuwa moja. Mmoja aliikalia mkutano huu, mwenzake mkutano ujao, na asiyekuwa na zamu alikaa nyuma. Hali hiyo ilikuwa imedumu tangu enzi za babu zao, na kila mtu aliizoea kama anavyozoea jino bovu.

"Anasema tawi lao lilikuwa na nguzo yake, wakanyang'anywa," Fetuao aliendelea. "Baba mkubwa Iakopo akamwambia ainuke. Hakuinuka. Sasa upande wetu umesema Ijumaa hauingii mle ndani, na nusu ya kijiji iko nasi. Jana shangazi wa mzee Penitala alituletea chakula, baba akairudisha sahani ilivyo. Mwalimu, hajawahi mtu kurudisha sahani pale kwetu."

"Na Penitala ana ushahidi gani?"

Fetuao aliangalia viatu vyake. "Ana wewe. Katoa kopi ya ukurasa wa kitabu chako. Anautembeza mpaka dukani."

"Nilipima mwenyewe," alisema Moelagi. "Kumi ni kumi."

"Ndiyo, Mwalimu," alisema Fetuao, akaaga.

Hiyo "ndiyo" haikumkaa vizuri Moelagi. Aliisikia masikioni wakati anatafuta funguo za kabati, wakati anashusha maboksi, wakati anapuliza vumbi la miaka kumi na tisa kwenye picha za zamani. Akaipata aliyoitaka. Jumba la Matauta, tupu, na mwanga mzuri wa asubuhi ukipita katikati ya nguzo. Aliipenda sana picha ile. Aliisogeza dirishani, akahesabu: moja, mbili, mpaka tisa, zote zimechongwa laini, zimefungwa juu kwa kamba za kumbi zilizosukwa kwa ufundi. Ya kumi ilikuwa gogo la mnazi. Bado lina magamba. Limeinama kidogo, halina kamba, na juu yake, kati ya gogo na boriti, kuna kipande cha ubao kilichopigwa nyundo kwa haraka.

Ilikuwa tegemeo. Mtu alilisukumiza pale baada ya kimbunga ili boriti iliyooza isianguke, basi. Halikuwa la cheo chochote wala la mtu yeyote.

Moelagi akakaa sakafuni. Kilichomuuma zaidi ya gogo ni ule utupu wa picha. Maana alikumbuka kwa nini jumba lilikuwa tupu. Wazee walikuwemo, wameketi, wanazungumza, na yeye, msichana mwenye utepe mpya, ndiye aliyewaambia: wazee wangu, naomba mtoke kidogo nipime vizuri. Nao walicheka, wakatoka, wakakaa juani nusu siku nzima kwa heshima ya elimu yake. Angewaacha mahali pao angeona migongo tisa kwenye nguzo tisa, na gogo likiwa peke yake kama mgeni asiyealikwa. Mtu ambaye maisha yake yote anawaambia vijana kwamba nyumba ni watu, aliwatoa watu ili aione nyumba.

Nitakuwa mkweli juu yake: alifikiria kunyamaza. Alifikiria kamati. Alifikiria mchoro ule ukutani, na vizazi kumi na saba vya wanafunzi waliouchora kwa mkono mpaka wakaukariri. Kisha akatafuta njia ya katikati, kama wasomi wanavyofanya wakibanwa, akajiambia ataiondoa nguzo kimyakimya na kusema ni marekebisho ya kiufundi. Akachukua karatasi akapiga hesabu ya boriti. Bila nguzo ya kumi nafasi ile ingekuwa pana mno, boriti ya ukubwa aliouchora isingehimili, paa lingekaa chini. Akarudia hesabu mara tatu, na kila mara ilitoka mbaya kuliko mara ya kwanza.

Kwa hiyo hapakuwa na njia ya katikati. Ama aseme, na jumba lisifunguliwe mpaka boriti mpya iletwe, miezi mitatu kama mambo yakienda vizuri. Ama anyamaze, na ndugu wawili wakosane kwa ajili ya gogo la mnazi.

Jumatano alipanda gari lake, akaweka fungu la mizizi ya ava, kinywaji cha baraza, kiti cha mbele, akaenda Matauta.

Wazee walimkusanyikia katika jumba jipya. Iakopo hakuingia, kama alivyoapa. Lakini majumba yale hayana kuta, kwa hiyo kususia kwake kulikuwa kwa hatua mbili tu: alikaa kwenye nyasi, mgongo ameugeuzia jumba, masikio yote yakiwa ndani. Penitala alikuwa ameegemea nguzo ya kumi, kopi yake imekunjwa magotini. Nyuma kabisa, pembeni, aliketi Tuvale, fundi mkuu aliyelijenga jumba, na kikombe kikubwa cha kakao. Ava ikanywewa, salamu zikatolewa kwa kutaja vyeo vyote, na msemaji mkuu wa kijiji, mtu mnene mwenye sauti ya kanisani, akampa Moelagi nafasi.

Alikuwa ameandaa hotuba. Ilimtoka kichwani yote.

"Wazee wangu," alisema, "nimekosea. Nguzo ya kumi haikuwa nguzo. Ilikuwa gogo la kushikilia paa baada ya kimbunga. Niliwatoa nje siku ile, nikapima jumba bila watu, nikahesabu gogo kama nguzo. Kisha nikaliandika kitabuni, nikalifundisha, nikawajengea. Nguzo za mbele ni tisa. Zilikuwa tisa siku zote."

Penitala alifungua kopi yake taratibu.

"Kwa hiyo kitabu chako kinasema uongo?"

"Ukurasa huo, ndiyo, mzee."

"Mimi nimeutembeza ukurasa huu kijiji kizima. Nimemwonyesha hadi mchungaji."

"Najua. Aibu ni yangu, siyo yako. Nitamwendea mchungaji mwenyewe, na dukani nitaenda."

Kutoka kwenye nyasi ilisikika sauti ya Iakopo, ambaye bado hakugeuka. "Basi itolewe."

"Haiwezi kutolewa," alisema Moelagi. "Safari hii niliichora ibebe paa. Ikitoka kabla ya boriti kubadilishwa, jumba linaanguka. Ninawaomba muahirishe Ijumaa. Miezi mitatu. Nitakuja kila siku mpaka iishe."

Watu wakaanza kunung'unika. Wageni walishaalikwa mpaka kisiwani Savai'i na ng'ambo Auckland, kuna waliokwisha kupanda ndege. Mtu mmoja alisema heri nguzo ibaki. Mwingine akasema ikibaki yeye anahama. Penitala alikuwa ameinamisha kichwa, na haikujulikana kama ana hasira au anataka kulia. Moelagi alitazama mkeka mbele yake na kufikiri kwamba amewavunjia kijiji mara mbili, kwanza kwa kukosea, na sasa kwa kukiri.

Tuvale aliweka kikombe chini.

"Samahani waheshimiwa," alisema. "Nguzo ile haijabeba kitu."

"Imebeba, fundi," alisema Moelagi. "Nimepiga hesabu."

"Hesabu yako ni ya mchoro, Mwalimu. Mimi nasema ya hapa."

Akainuka, akapita ameinama mbele za watu huku akiomba radhi, akafika kwenye nguzo ya kumi. "Mzee Penitala, nisamehe, sogea kidogo." Penitala akasogea. Tuvale akachomoa kisu, akakata kamba zilizokuwa juu, zile kamba nzuri zilizosukwa kwa mapambo, na chini yake ikaonekana kabari nyembamba ya mti. Akachukua nyundo.

Akagonga mara mbili. Kabari ikaruka. Tuvale akaikumbatia nguzo, akaitikisa, ikacheza.

Hapo kila mtu alilitazama paa. Msemaji mkuu, kwa wepesi ambao hakuna aliyemdhania kuwa nao, alijikuta yuko nje kwenye nyasi, bega kwa bega na Iakopo. Paa halikulia hata kidogo. Nguzo tisa zilikuwa zimesimama kama zilivyosimama, na ya kumi imeegemea kifua cha Tuvale kama mlevi anayerudishwa nyumbani.

"Boriti niliifanya mbili, moja juu ya nyingine," alisema fundi, akihema. "Inapita moja kwa moja. Hii nguzo niliisimika tu ili mchoro usikose kitu. Nisaidieni, ni nzito."

Wanaume wanne wakaibeba, wakaitoa, wakailaza uani. Moelagi alishusha pumzi iliyokuwa imemkaa kifuani tangu Jumanne, ikatoka pamoja na machozi, wala hakuyaficha. Mzee aliyekuwa karibu naye alimpigapiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, akasema, "Haya, haya, yamekwisha."

Iakopo akaingia. Akaenda mpaka kwenye nguzo ya Lautasi, ile moja ya siku zote, akasimama mbele yake bila kuketi.

"Ijumaa ukae wewe," alimwambia Penitala.

Penitala alikuwa bado ameshika kopi yake. "Zamu yangu ilikuwa Krismasi. Ijumaa ni yako."

"Nimesema ukae. Mimi nitakuwa nyuma yako, nikufinye ukizidisha maneno."

"Utanifinya mpaka nitoke damu, nakujua."

"Basi fupisha."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote. Penitala aliikunja kopi, mara mbili, mara nne, akaitia mfukoni, na alipoketi kwenye nguzo ile Iakopo alikaa nyuma yake, magoti yakigusana na mgongo. Kabla ya mchana shangazi wa Penitala alileta sahani ya magimbi na nyama nyumbani kwa kina Fetuao, na baba yake Fetuao aliila yote mbele yake, akaomba nyingine.

Moelagi alimkuta Tuvale nyuma ya jiko, amekaa juu ya kipande cha ubao, amejaziwa kikombe.

"Ulijuaje?" alimuuliza.

"Gogo lile tuliliweka mimi na baba yangu. Nilikuwa kijana. Baba alisema litakaa wiki mbili." Alikunywa. "Siku ulipofungua mchoro wako mbele ya wazee, nikaliona limechorwa vizuri kabisa, nusura nicheke."

"Mbona hukuniambia?"

"Mbele ya wazee? Mbele ya wanafunzi wako?" Tuvale alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini havui nguo sokoni. "Mwalimu hasahihishwi hadharani. Nilingoja uniulize tukiwa wawili."

"Fundi, nimekuja hapa karibu kila wiki, mwaka mzima."

"Ulikuja. Uliwaeleza wale vijana habari za jumba, nami nilikuwa juu ya ngazi nasikiliza. Unaeleza vizuri sana." Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na hapo ndipo yalipomchoma. "Kisha uliniambia, kazi nzuri, fundi, endelea. Nikaendelea."

Moelagi alihesabu kichwani safari zile, arobaini, labda zaidi. Alikuwa amempimia Tuvale pembe za viungo vya mbao, amempiga picha mikono kwa ajili ya masomo, amemtaja kwenye mhadhara kama hazina ya taifa. Swali hakumuuliza hata moja.

"Na kama leo nisingesema?"

"Ningenyamaza. Nguzo ilikuwa yako, kuikana ni juu yako. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha ukiikana hafi mtu."

Alilisema kwa utulivu tu, kama anayetaja bei ya misumari. Moelagi alicheka na kufuta macho kwa wakati mmoja. Alijua Jumatatu atasimama mbele ya darasa na kuushusha ule mchoro ukutani, na kwamba kamati nayo itapata barua, na ajabu ni kwamba hakuogopa. Angeweza kuaga na kwenda zake, na siku ingeishia vizuri.

"Fundi," aliuliza, "kuna kosa jingine nililolifanya hapa?"

Tuvale alimalizia kakao yake. Alilitazama jumba, akaitazama njia ya kwenda mjini, akarudisha macho kwake.

"Una haraka ya kurudi?"

"Sina."

Akasogea, akampisha nusu ya ubao.

"Basi kaa," alisema. "Tuanze na choo."